Jina Nililolimeza Idodi

Akina mama wa kata walikuja nyumbani kwangu hapa Ilomba na daftari. Wanaandika wanawake wa kwanza: wa kwanza kuendesha lori, wa kwanza kuwa hakimu, wa kwanza hiki, wa kwanza kile. Mimi waliniandika kwa mashine yangu ya kukoboa mpunga kule Ubaruku. Sikukataa. Nimesoma darasa la pili tu, mashine nimeipata kwa jasho langu, niinamishe kichwa kwa nini? Lakini niliwaambia yuko wa kuandikwa kabla yangu. Bila yeye ningekuwa nimeoza Idodi tangu miaka ya hamsini.

Nilikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulinishika asubuhi, na kesho yake jua likawa utosini mtoto hajatoka. Tulikuwa nyumbani kwa mama mkwe: yeye, dada yake, na wifi yangu mkubwa. Mwanzoni walinisugua mgongo, wakaninywesha uji. Baadaye wakanyamaza. Waliponyamaza ndipo nilipoogopa.

Kwetu wakati ule, mtoto akigoma kutoka, basi mama yake ana siri. Amelala na mwanamume wa nje, na mtoto hatoki mpaka mwanamume huyo atajwe. Si hadithi ya kutishia watoto. Nilimjua aliyetaja, akarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Nilimjua pia aliyekataa kutaja. Huyo alizikwa na mimba yake.

“Taja,” mama mkwe akasema.

“Sina wa kumtaja, mama.”

“Kila aliyelala hapo alisema hana.”

Wifi akaguna. “Labda ni wengi, anawapanga kwanza.”

Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Tangu jana walinikataza kutoka nje, hata kwenda kujisaidia, kwa maana mwenye siri akivuka kizingiti anatoroka nayo. Nikaanza kutafuta jina. Nasema kweli yangu, nilitafuta jina kama mtu anavyotafuta fimbo nyoka akiwa ndani ya nyumba, yoyote itakayoshikika. Lililokuja ni la shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mtu mzima mwenye mke wake. Mume wangu alipokwenda kwenye mashamba ya chai Mufindi, shemeji ndiye aliyenipasulia kuni. Tulitaniana mbele za watu kama mashemeji wanavyotaniana. Wangeamini upesi. Nilijua pia kaka yake angemfanya nini akirudi, maana mume wangu hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Nilijua yote hayo, na jina likabaki juu ya ulimi.

“Mama,” nikasema, “nataja.”

Wakasogea wote watatu.

Kengele ya baiskeli ikalia uani.

Hakuna asiyemjua mwenye kengele ile. Alikuwa binti wa Kihehe aliyefundishwa ukunga hospitali ya misheni Iringa, wa kwanza upande wetu wote. Alipanda baiskeli ya kiume, gauni amelifunga magotini, watu wakamwita dume. Kisha nikasikia sauti ya shemeji, anahema: “Mama, nimemleta!” Alikuwa amekimbia kwa miguu mpaka zahanati. Nikafumba macho.

Binti hakuingia kwa ubavu. Alipiga magoti mlangoni, gauni jeupe vumbini, akamwamkia mama mkwe.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene. Umezaa wangapi wewe?”

“Sijazaa, mama.”

“Sasa utazalisha nini? Na huyu alikuwa anataja, umemkatiza.”

“Atataja tu, mama, mdomo anao. Niruhusu nimguse tumbo kwanza. Mkono mmoja.”

Mama mkwe akaondoa mguu wake kizingitini. Nadhani naye alikuwa anaogopa.

Yule binti akapiga magoti kando yangu. Akanibonyeza chini ya kitovu, akaniuliza sikioni, “Umekojoa lini?”

“Jana. Asubuhi.”

Akatoa kwenye mkoba mrija wa mpira mwembamba kuliko kidole cha mtoto, akauchemsha ndani ya chungu cha mboga cha mama mkwe. Akauingiza. Mkojo ukatoka, ukatoka, ukajaza bakuli, likaletwa la pili.

“Jamani,” wifi akasema, “mto Ruaha huo!”

“Mama,” mkunga akasema, bado yuko magotini, “kilichoziba njia ni hiki. Si mwanamume.”

Jua halijagusa milima, mtoto akatoka, wa kike, kimya, rangi ya majivu. Kimya kile sikitaki kukikumbuka, lakini kinanikumbuka chenyewe. Mkunga akampulizia mdomoni, akampulizia tena. Ndipo mtoto akalia kama mwanambuzi.

Chungu kile mama mkwe hakukipikia tena.

Wakati wa kuondoka mkunga aliniinamia. “Ulichotaka kusema, kimeze. Usiniambie hata mimi.”

Akina mama wa daftari niliwatajia jina lake mara tatu, mpaka wakaliandika sawasawa.

Lile jingine sijalitaja mpaka leo. Shemeji yuko hai, mzee kama mimi. Kila mavuno ananiletea maharage kutoka Idodi, na kila akija hunitania: “Miguu hii ilichanika kwa ajili yako, shemeji, na hujanilipa hata viatu!” Nacheka naye. Akitoka kwenda kunawa mikono, nalimeza tena lile jina.