Felisita na Maji ya Baridi

Nianze kwa kusema wazi kwamba Anatoli simpendi, na kama kuna mtu atamsomea maneno haya, amsomee na sentensi hii. Sasa nimeshusha pumzi, naweza kumsimulia Felisita.

Mwaka 1995 mimi na yeye tulikuwa na kichanja kimoja cha kubanikia samaki katika mwalo wetu, upande ule wa Biharamulo unaogusa Ziwa Victoria, asubuhi moja kwa miguu kutoka Nyamirembe. Mitumbwi ikifika tunanunua sangara na sato, tunawapasua, tunawabanika kwa moshi, na malori yanawabeba kwenda Ngara. Huko Lukole kambi ilikuwa imejaa watu kutoka Burundi, na watu hula. Samaki wetu hakulala hata siku mbili. Mimi, Deodata binti Frednand, mwenyeji wa hapohapo, nilikuwa na mdomo. Felisita alikuwa na miguu.

Sitanii. Kila alfajiri, kabla hatujawasha moto, Felisita alifunga kanga yake juu ya magoti, akaingia ziwani na kusimama kimya kwa muda wa kusali Salamu Maria kumi. Akitoka anakuambia: leo maji yamelala, leo yana matope ya mtoni, leo yamegeuka. Mafunzo hayo alipewa na marehemu mumewe, Venance, Mzinza aliyezaliwa karibu na maji na kuzikwa karibu na maji. Wakati wa mvua, alisema, sato hupanda kwenye majani ya ufukweni kutaga. Lakini kiangazi, upepo wa kusini ukivuma siku nyingi bila kupumzika, husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na maji ya chini hupanda kuja kwetu. Maji hayo ni baridi na hayana pumzi. Samaki huyakimbia, na pa kukimbilia ni ukingoni, penye kina cha magoti. Haitokei kila mwaka. Ikitokea, ni siku moja, labda mbili.

Felisita mwenyewe alikuja mwaka 1972, msichana wa miaka kumi na tisa, akivuka mto Ruvubu na watu waliokuwa wanakimbia Burundi. Wengine walipelekwa mbali, yeye akafuata njia ya ziwa, akaolewa, akamzaa Nice, akamwoza Nice kule Biharamulo mjini. Miaka ishirini na mitatu! Kizinza alikisema kuliko mimi. Hakuna aliyemwita mkimbizi tena, mpaka hawa wapya walipokuja na neno likarudi mdomoni mwa kila mtu.

Julai ile upepo ulivuma siku baada ya siku. Wanaume wetu walikwenda mbali kwenye kina kirefu, kama walivyozoea, wakarudi na nyavu zenye magugu. Vichanja vyetu vilikaa wazi kama vitanda vya wagonjwa waliopona. Siku ya tisa Felisita alitoka majini akitetemeka, akaenda moja kwa moja kwa Anatoli, mwenyekiti wa mwalo, aliyekuwa anashona wavu wake mbele ya watu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Msiende mbali tena. Maji yamegeuka. Kesho au keshokutwa samaki watakuja wenyewe hapa, kwenye mchanga."

Anatoli alicheka mpaka tumbo likacheka peke yake. "Mkimbizi anatufundisha ziwa letu?"

Watu wakatugeukia. Mimi nilisikia damu inapanda, nikasema, "Mwenyekiti, huyu ulimla samaki wake kwenye msiba wa mama yako, siku hiyo hakuwa mkimbizi?" Lakini akishapanda juu ya jambo, Anatoli hashuki. Akasimama, akaonyesha njia ya malori.

"Nasikiliza miguu yake kwa asubuhi mbili. Samaki wasipokuja, anachukua beseni lake, anapanda lori, anakwenda Lukole kwa wenzake. Ni kwa neno langu kama mwenyekiti."

Na neno la mwenyekiti pale mwaloni lilikuwa neno. Bila ruhusa yake hakuna mtumbwi ungekuuzia hata dagaa mmoja. Nilimtazama Felisita nikitegemea atamtukana, maana mimi ningemtukana vizuri sana. Alijibu, "Sawa."

Sawa! Nilimfuata nikimgombeza njia nzima.

Asubuhi ya kwanza hakuna kitu. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo ya kijivu, na Anatoli alipita mbele ya kichanja chetu akipiga mluzi, mtu mzima na heshima zake. Felisita aliingia ziwani, akasimama, akatoka, akasema maji yamezidi kuwa baridi. Nilitaka kumwamini. Niliogopa pia, nisidanganye.

Asubuhi ya pili upepo ulikatika ghafla. Jua lilikuwa halijatoka vizuri niliposikia Pancras, kijana wa mtumbwi wa Anatoli, anapiga kelele kutoka ufukweni:

"Wamelewa! Jamani, samaki wamelewa kama watu wa pombe!"

Nikatupa kuni, nikakimbia. Ee Mungu wangu! Kwenye maji ya magotini, kutoka mawe ya kushoto mpaka matete ya kulia, ilikuwa midomo. Midomo ya samaki, mamia, imetoka juu ya maji inafunguka na kufungika. Sangara wakubwa kama watoto wa shule walikuwa wamelala ubavu, wanapepea mkia taratibu. Ndege walishachanganyikiwa, hawajui waanze na yupi. Nilianza kufungua kanga niifanye wavu, ndipo Anatoli alipofika na kupaza sauti.

"Msiguse! Hiyo ni sumu!"

Kila mtu akaganda. Na hapo nimpe haki yake kidogo, kidogo tu: mwaka ule palikuwa na watu waliovua kwa sumu sehemu nyingine za ziwa, na samaki wa sumu hufanya hivyohivyo, hulewa na kuelea. Lakini hakuishia hapo.

"Alijuaje watakuja? Alijuaje na siku?" Kidole chake kikamwelekea Felisita. "Amemwaga mwenyewe!"

Nikaona nyuso zinageuka, za watu tuliokula nao ugali. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Felisita alikuwa amesimama na beseni, akasema kwa sauti ndogo, "Mana yanje," yaani Mungu wangu kwa lugha ya kwao. Nilijua kwamba dakika ile hakuwa anafikiria lori. Mtu anayesingiziwa sumu hafiki kwenye lori.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nisingelifikiria. Aliingia majini, akamkumbatia sangara mmoja mkubwa kama anavyokumbatiwa mgonjwa, akatoka naye akikimbia. Pembeni ya kichanja chetu tulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa maji ya chemchemi ya kuoshea samaki. Akamtumbukiza humo.

"Deodata, yakoroge!"

Nikakoroga kwa mikono miwili, nikarusha maji juu na kuyarudisha. Felisita aligeukia watu. "Samaki aliyelishwa sumu hafufuki hata umtie maji safi. Huyu amekosa pumzi tu. Mngojeni."

Tukamngoja. Watu wakasogea, na Anatoli mbele yao, ameinama juu ya pipa aone vizuri. Samaki alikuwa ameegama, mashavu yanafunguka polepole. Nikakoroga mpaka mabega yakauma. Nikasali pia, kwa haraka, bila mpangilio. Mashavu yakaanza kwenda mbiombio. Pezi likasimama. Halafu sangara yule alijigeuza, akapiga mkia mmoja wa nguvu, na nusu ya maji ya pipa ikaruka ikatua usoni kwa mwenyekiti.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile! Hata aliyemvuta mtoto wake alicheka. Pancras hakungoja ruhusa, alishaingia ziwani na nguo zake, na nyuma yake mwalo mzima. Siku zote mitumbwi ilikuwa ya wanaume na sisi tulingoja mchangani. Siku hiyo ziwa lilitufuata mchangani. Tulivua kwa kanga, kwa mabeseni, kwa vikapu vya mihogo, kwa mikono mitupu. Bibi yangu wa miaka sabini alimkamata sato kwa sketi yake na kukataa kusaidiwa. Tulipigiana kelele, tulianguka, tulikunywa maji ya ziwa. Jua lilipofika utosini vichanja vyote vilikuwa vimejaa, na dereva wa lori aliyekuja kuuliza nani abiria wa Lukole aliambiwa abiria ni samaki.

Anatoli alikuja mbele ya kichanja chetu, shati bado limemlowa. "Felisita ni mtu wa mwalo huu," aliiambia ardhi.

"Hatujasikia huku nyuma," Pancras akasema.

"Ni mtu wa mwalo huu!" akafoka, na watu wakapiga vigelegele.

Jioni nilimpelekea Felisita sato wawili nyumbani kwake, nikiimba njiani. Nilimkuta ameketi sakafuni mbele ya mzigo wa kitenge uliofungwa kwa kamba. Nikaacha kuimba.

"Ulikuwa umeshafunga mizigo, dada? Tangu jana?"

"Huu niliufunga mwaka nilipofika," alisema. "Ulikaa nyuma ya mlango. Venance aliniambia niufungue, sikuweza."

Nilikaa naye. Fundo lilikuwa limekauka kama jiwe. Nikatoa kisu changu cha samaki, akakataa, akaling'ata kwa meno mpaka likalegea. Ndani mlikuwa na blanketi lililoliwa na nondo, gauni la msichana mwembamba na sufuria ndogo, mpya kabisa, haijawahi kuona moto. Akaipangusa kwa kanga, akatia maji, akaiinjika, akanyoosha mkono nimpe samaki.