Safari ya Kumtoa Mjomba Shimoni

Majina ya wote waliokuwemo kwenye lile gari ninayo kichwani, mpaka la mbuzi tuliyempakia Mkuyuni. Siyaandiki. Wengine wana wajukuu wenye hasira.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Mitumba ruksa, duka ruksa, kuchimba mawe ruksa. Kaka yangu, fundi cherehani mwenye heshima zake pale Mafiga, akasikia kwetu milimani yanatoka mawe mekundu, rubi. Akafunika cherehani kwa shuka, akaenda zake. Na mimi nina binti ndani, harusi Jumamosi! Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba asipotamka kwamba ameridhia, ndoa hakuna. Baba mtu aseme mpaka koo likauke, ni kelele tu. Upande wa bwana harusi wakauliza, mjomba yuko wapi? Tukajibu yuko njiani. Njia ipi, hatukusema.

Alhamisi alfajiri, mimi na dada yangu mkubwa tukamfuata Mnyamwezi mmoja mwenye Landrova, mtani wetu.

"Pandeni, watumwa wangu," akasema.

"Mtumwa wewe," dada akamjibu. "Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu begani, akituomba ndizi!"

Basi ikawa hivyo njia nzima. Kipupwe kimeingia, ukungu umekaa mlimani kama shuka lililoanikwa, na sisi tunacheka mpaka vioo vinafanya mvuke. Mkuyuni tukaulizia sokoni. "Yule fundi? Yuko juu, kwenye mashimo ya ulanga." Ulanga ni lile jiwe linalobanduka karatasi karatasi, linameremeta. Zamani Wazungu walilichimba, wakaondoka, wakaacha mashimo na vijiji vyake. Sasa vimefufuka kwa rubi! Kuta za udongo zinang'aa ulanga, redio zinapigiana kelele, na mchimbaji mmoja anakula muhogo amevaa koti la kike la manyoya. Kila kijiji tunaambiwa bado mbele, bado juu. Gari likagoma kilimani, tukashuka kusukuma. Dada alisukuma kwa mdomo.

Tukamkuta. Shimo limemfika mabegani.

"Kaka, harusi keshokutwa."

"Nimebakiza kidogo tu. Naliona linanichungulia."

"Mwanao analia ndani."

"Nikilipata nitamnunulia kabati la vioo. Atanyamaza."

Hapo kicheko chote kikaniishia mwilini. Nikamwona binti yangu kwenye mkeka, kajifunika kanga, anasubiri neno la mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa mawe. Nikakaa chini kwenye kifusi. Dada naye akakaa.

Kaka akapanda kunywa maji. Mtani akavua viatu, akavipanga vizuri, akarukia shimoni na kulala chali, mikono kifuani.

"Kaburi zuri," akasema. "Lina ubaridi wake. Nifukieni."

"Toka humo, bwana!"

"Chimba. Anzia kitambini."

Wachimbaji wote wakaja mbio. "Mtani kashika! Mtani kashika! Mgomboe!" Maana mtani hakasirikiwi wala hatolewi kwa nguvu. Akishika chako, unamuuliza anataka nini, unampa.

Kaka kashika sururu. "Haya. Unataka kuku?"

"Kuku ninao nyumbani, wanene kuliko wewe. Nakutaka wewe. Uoge, upige pasi suruali, ukae mkekani Jumamosi, useme neno lako. La sivyo mimi nahamia hapa. Mke wangu ataniletea chakula."

Mwenye koti la manyoya ndiye aliyeanza kucheka. Halafu mlima wote. Kaka akajitahidi kununa, midomo ikamsaliti, akaanguka pembeni yangu anacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la ulanga usoni mwake.

Tulirudi tumembana kati ya dada na mbuzi, asije akaruka.

Jumamosi akakaa mkekani, kanzu imenyooka, masikio bado yanameremeta ingawa dada alimsugua kwa dodoki. Akaulizwa, "Mjomba, umeridhia?" Yeye akamtazama mtani, aliyekwisha kujiweka karibu na sufuria la pilau.

"Nimeridhia," akasema. "Ila shimoni kwangu asilale mtu tena."

Vigelegele vikamfunika, sidhani kama mtani alimsikia.