Shemeji Tofu na Simbamarara

Kijijini Chung Hang hakuna aliyelijua jina la mke wa Ngan Yau-dak, na tuseme kweli, hakuna aliyejali. Alikuwa Shemeji Tofu, basi. Alisaga soya, akakamua, akachemsha, akagandisha, akabeba mabeseni mawili kwa mti begani mpaka sokoni, na kila mteja alimwita hivyohivyo: "Shemeji Tofu, leo usinipe cha pembeni!" Hata mumewe alimwita "Wee," au alikohoa tu mlangoni. Usiku wa harusi, alipomfunua uso, alimwita Bikwan, mara moja tu. Mwanamke alilisubiri tena jina lile kwa miaka, mpaka akachoka kusubiri.

Kibanda chake kiliegemea ukumbi wa mazoezi ya kupigana wa Mwalimu Pang, katikati ukuta wa mianzi tu. Huyo Pang alikuwa mzee mkorofi, mwembamba, mwenye mdomo mchafu. Kila mwanafunzi alimpa mnyama wake wa kupigania kwa kadiri ya tabia yake: huyu nyoka, huyu chui, huyu korongo. Dak, mume wa Shemeji Tofu, mtu mpole anayempisha njia hata kuku, alimpa simbamarara. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mnacheka nini, mafala?" Pang akafoka. "Simbamarara hafundishwi, anakaribishwa. Huyu ana nafasi ndani. Nyie mmejaa upuuzi mpaka kooni!"

Na mnyama akikaribishwa sharti aagwe. Ukimaliza mchezo wake unarudi kwenye tofali la sakafu ulipoanzia, ngumi kiunoni, viganja chini, miguu pamoja, kisha unainamia kibao cha majina ya wazee waliotangulia. Kabla hujainama, mtu asikuite jina; ukiitika, mnyama hatoki. Nyumba ikiungua moto, akurushie ndala.

Shemeji Tofu alilijua sharti hilo kuliko wanafunzi wenyewe. Kila alasiri alizungusha jiwe lake la kusagia kwa mdundo wa miguu ya mumewe, akichungulia kwenye upenyo, mpaka michezo yote ya simbamarara ikamkaa kichwani bila yeye kutaka. Lakini siku ile uchungu ulimjia kabla ya wakati wake. Alianguka kando ya jiwe, maji ya soya yakamwagika, ndala zikasombwa mbali, na pumzi hana. Kichwani likamjia neno moja tu.

"Dak! Dak, nakufa!"

Ng'ambo ya ukuta miguu ikasimama. "Naam," Dak akajibu. Akaja mbio, akamnyanyua mkewe kama tita la majani ya mforosadi. Jua lilipozama mtoto wa kike alikuwa amezaliwa, watu wanapongezana. Nani angekumbuka mchezo uliokatwa katikati? Hata Bikwan hakukumbuka.

Mbwa ndio walioanza kukumbuka. Mbwa wa mabwawa ya samaki, waliozoea kumrukia Dak wakitaka makombo, sasa wakimwona walijikunyata chini ya sakafu. Kisha Dak akaacha wali. Miguu ya nguruwe iliyonunuliwa ili mzazi apikiwe supu ya tangawizi na siki, aliila mbichi, amechuchumaa nyuma ya jiko. Ukimwita aliitika vizuri tu, ila kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayetoka chumba cha uani. Na hakupepesa macho. Bikwan alijiambia ni uchovu tu. Mtu hujiambia mengi.

Siku moja kabla ya mtoto kutimiza mwezi, adhuhuri, joto limetulia na majani hayatikisiki, aliingia ndani akamkuta mumewe ameinamia kikapu cha mtoto. Pua ameizamisha shingoni mwa kichanga, ananusa, vidole amevikunja kama kucha. Mtoto alikuwa macho, kimya kabisa, halii. Bikwan alimnyakua. Dak alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekupokonya bakuli lako la chakula.

Hapo akaikumbuka siku ya uchungu, na mchezo ulioachwa bila kuinama. Kesho baba ndiye angemshika mtoto, amnyoe nywele, ampe jina mbele ya wageni, na huko Chung Hang mtoto ni wa yule aliyempa jina. Alipate jina lake mdomoni mwa kile kitu? Hapana, hapana kabisa! Akamwacha mtoto kwa jirani aliyekuwa anachovya mayai ya sherehe kwenye rangi nyekundu, akakimbilia kwa Mwalimu Pang, akamsimulia yote.

"Nani aliyemwita?" mzee akauliza.

"Mimi."

"Ala! Mwanamke mzima huna ndala?"

"Nilikuwa nazaa, Mwalimu!"

Pang akakuna kidevu. "Sharti mtu asimame pale mchezo ulipokatika, amchukue mnyama, amfikishe mwisho, ainame. Basi."

"Si ufanye wewe?"

"Mimi korongo. Yule akiingia kwenye mifupa hii atanitafuna kwa ndani."

"Na wanafunzi wako?"

"Wale? Kila chochoro kuna mtu wa kuwaita. Mmoja tu apayuke jina, tumekwisha." Akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe nani anakuita jina?"

"Hakuna."

"Hata mumeo?"

"Nimesema hakuna." Lilimuuma kulitamka.

"Basi wewe ndiye unayefaa," Pang akasema.

Wakafunga mlango wa ukumbi. Dak alikuja mwenyewe, akifuata harufu ya ini bichi waliloliweka sakafuni. Akachuchumaa akala. Bikwan akapiga moyo konde, akasimama kwenye tofali ambapo mchezo wa Dak ulikatika. Lilikuwa baridi, mchana ule wa joto. Akainua mkono, akakunja vidole.

Ilianza harufu, ya ngozi iliyoloa na majani yaliyooza. Kisha nguvu. Jamani, nguvu! Bega lililopinda kwa mabeseni likanyooka. Akasikia panya chini ya matofali, akasikia moyo wa Pang unavyodunda, akasikia mtoto wake anavyopumua nyumba ya tatu. Ilikuwa raha, asikudanganye mtu. Halafu ikaja njaa, na akilini mwake ikaja ile shingo laini ya kikapuni. Machozi yakamtoka, akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kila hatua yeye alizidi kuwa mzito, na Dak pale sakafuni mabega yalimlegea. Alifika kwenye tofali la mwanzo. Ngumi kiunoni. Viganja chini. Miguu pamoja. Kumebaki kuinama tu.

Dak akapepesa macho.

Aliona damu mikononi mwake, akalitupa lile ini. Alimwona mkewe, nywele zimemwagika, vidole bado vimekunjika. Hakujua amepotea muda gani. Alijua tu kwamba alikuwa peke yake mahali pa giza na huko alimtaka huyu, huyu tu. Ule mdomo wake mvivu ukafunguka. Pang aliruka, mkono umenyooka kumziba, akachelewa.

"Bikwan!"

Kipaji cha uso wa mkewe kilikuwa tayari kinashuka. Alijua kuitika kutamgharimu nini, na alijitahidi kuinama, maskini. Lakini miaka yote ile! Akainua kichwa, akageuka.

"Naam," akaitika, kwa kuchelewa kidogo.

Kesho yake mayai mekundu yaligawiwa. Dak alimnyoa binti yake, akampa jina zuri, kisha akawasihi wageni kwa magoti wasilitumie kamwe. Walipouliza mama yuko wapi, alisema amelala. Mlango wa chumba ulikuwa umekazwa kwa nje kwa mti wa jiwe la kusagia, na hakuna mbwa aliyekuja kuokota maganda. Pang anatafuta mtu mwingine asiyeitwa jina, na hapo Chung Hang bado hajampata.

Dak ndiye anayesaga soya siku hizi. Akimaliza huketi mlangoni pale, nje, akamwita, "Bikwan. Bikwan wangu." Humwita kila siku, na kila siku hujibiwa, ila siku hizi jibu linachelewa zaidi.