Beberu Niliyemkana

Darasa la tatu sikulimaliza, kwa hiyo mnivumilie nikienda huku na huku. Pikapu yangu iliandikwa jina la kampuni mlangoni. Kampuni yenyewe ilikuwa mimi, mke wangu na dereva, tunanunua maharage Kibondo, tunauza Kasulu. Lakini maandishi yale niliyapenda. Kila Jumapili niliyaosha mwenyewe kwa sabuni ya unga.

Siku hiyo dereva alikuwa anarudi kutoka Kasulu, gari tupu. Nikampigia simu achepuke Busunzu kwa dada yangu, aniletee beberu wa mbegu. Mbuzi wa dada wana miili, wangu walikuwa wamedumaa. Beberu akapakiwa, na mbele kidogo gari likamgonga mama aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye ndizi. Mguu ukavunjika. Dereva hakukimbia. Alimbeba mama hadi hospitali, kisha akajipeleka polisi.

Mimi hospitali sikwenda. Nilikwenda kwa jamaa mmoja mjini anayeandikia watu barua za kesi.

"Mzee, kama alikuwa kwenye kazi yako, mzigo ni wako," akasema. "Kama alichepuka kwa mambo yake, atajijua."

Bima ilikuwa imeisha mwezi uliopita, na uzembe huo ulikuwa wangu.

Polisi nikamkuta dereva ameketi sakafuni nyuma ya kaunta, bila viatu. Ni mtu mzima, ana watoto wanne. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye ni raia, ila ofisi za serikali bado anaziogopa. Nje, beberu amefungwa kwenye nguzo.

"Ulimtuma Busunzu?" askari akaniuliza.

"Nilimtuma Kasulu tu."

"Na beberu huyu?"

"Simjui."

Dereva akaniangalia.

"Basi beberu naye ana kesi," askari mwingine akasema. "Kapanda gari bila nauli."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, dereva akiwa pale chini. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujificha.

Alilala ndani siku mbili. Mkewe akipita na chakula chake aliniamkia shikamoo kama kawaida, nami niliitika, nikitazama pembeni.

Siku ya tatu niliitwa kuweka dole gumba kwenye maelezo yangu. Dada naye akatokea, amesikia habari za ajali. Akaamkia wote, mwakeye, mwakeye, kisha akanigeukia.

"Kaka, simu mara tatu unanisumbua kwa ajili ya beberu, leo unamwacha hapa anakula karatasi za serikali?"

Askari akaweka kalamu chini. "Mama, nani alikupigia hizo simu?"

"Si ni huyu hapa, kaka yangu!"

"Nilimtuma mimi," nikasema. Ningependa kusema kwamba moyo ulinisuta. Hapana, nilisema kwa sababu dada alikuwa amekwisha kusema.

Matibabu yakawa juu yangu. Nikaenda hospitali kumpa pole yule mama wa ndizi, naye akauliza jambo moja tu, kama dereva aliyembeba wamemwachia.

Walimwachia jioni hiyo. Nikamsubiri mlangoni na ufunguo wa gari. Akavaa viatu, akafunga kamba polepole.

"Hapana, mzee," akasema. "Kesho utanituma, halafu utasema hukunituma."

Akaniaga kwa heshima zote, akaondoka na mkewe.