Binti Yangu na Wageni wa Tensta

Hapa Sweden sheria haikuruhusu kumtoa mtoto shuleni ukamfundishe mwenyewe nyumbani, labda kuwe na sababu nzito. Wala sikuwa na nia hiyo. Shule yake ya hapa mtaani kwetu, Fisksätra, naipenda. Nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu aweze kuzungumza na mama yangu.

Mama yuko Voi, na Kiswidi atakijulia wapi? Kila akipiga alikuwa akisema, "Hebu nipe mjukuu wangu." Mtoto anashika simu, anasalimu kwa Kiswidi, "hej", anacheka kwa aibu, ananirudishia. Ikafika siku mama akaacha kumwulizia. Heri angenilaumu.

Basi nikafungua shule sebuleni, na kwa kuwa nimesomea Kenya, shule ninayoijua ni ya aina moja. Nikanunua ubao. Nikamsimamisha mtoto wa miaka minane aniamkie, "Hujambo, mwalimu," kisha tukaingia kwenye ngeli. Wee! Akanijibu kwa Kiswidi kwamba amechoka; nikapandisha sauti; akajifungia chooni. Kila Jumamosi ikawa vita.

Rafiki yangu wa Tensta, mtaa mwingine wa Stockholm, mfamasia aliyezaliwa Bukavu, aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia kwa Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa:

"Mais mama, mtoto ametoka kalasi jana, leo unamurudisha kalasi tena? Umulete kwangu."

Haya, nikajiambia, Mkongo ndiye wa kunifunza mimi Kiswahili! Lakini nikaenda.

Kwake, Jumamosi nyumba ni ya watoto. Kengele ikilia, wao ndio wanaofungua mlango, wanapokea makoti, wanauliza habari za njiani, wanaandaa chai. Mtu mzima haruhusiwi kuwasaidia, na mgeni haruhusiwi kuelewa Kiswidi hata kama amekaa huku miaka na mikaka. Binti yangu alipewa kazi ya chai. Akamwendea mama mmoja wa Kiganda, akamwuliza kwa Kiswidi kama anataka sukari. Yule mama, ambaye kazini kwake anaongea Kiswidi kutwa nzima, akakunja uso.

"Ati nini, mwanangu?"

Mtoto akanigeukia, machozi yanamlengalenga. Nilitaka kuruka kutoka kitini. Mwenyeji wangu akanivuta jikoni, akanipa kisu na vitunguu.

Nikiwa huko nikasikia, "Wewe... taka sukari?"

"Nataka sana! Na wewe unaipenda?"

"Mimi napenda, lakini mama anakataza."

Wakaanza kupiga soga, makosa tele, na hakuna aliyemsahihisha. Kumbe yalikuwamo! Maneno yote niliyokuwa nikimfokea nayo kila Jumamosi yalikuwa kichwani mwake, hayana mtu wa kuambiwa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu ukiniuliza, nitakwambia: mpe mtoto kazi ya kuhudumia mgeni. Usimsahihishe mbele ya watu. Na wewe kaa jikoni, ujikaze, ingawa roho itakuuma. Huyo mwanamke wa Tensta namvulia kofia. Ana kazi ya kutwa na watoto watatu, na bado kila wiki ikiisha anafungua mlango wake kwa watoto wa wenzake, bila makuu.

Tuliendelea kwenda. Majira ya baridi mama alipopiga, binti yangu aliinyakua simu kabla yangu, akaweka spika.

"Nyanya, shikamoo. Umeshakunywa chai?"

 Mama akapiga kigelegele, jamani, nami nikaziba mdomo kwa mkono kwa furaha. Wakaulizana habari za mvua, za shule, za kuku.

"Na mama yako hajambo? Anakula vizuri?"

Mtoto akanitazama.

"Anakula amesimama, nyanya. Akitoka kazini analala na koti."

Nikanyoosha mkono nichukue simu; akanigeuzia mgongo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia mama kwamba huku mambo ni mazuri tu.

"Nipe mwanangu," mama akasema.

Nikaipokea.

"Kumbe umechoka hivyo," akasema polepole, "na mimi huniambii?"