Nilivyowafukuza nyuki kwenye matango chotara, nikabaki na maua matupu

Wakuu, salaam kwenu. Mlio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Juzi kuna kijana humu kauliza kwa nini matango yake ya hybrid, yaani chotara, yanatoa maua mengi, vitoto vinatokea, halafu vinageuka njano na kudondoka.

Nimesoma majibu yenu yote. Mmoja kamwambia anunue booster. Mwingine dawa ya ukungu. Mwingine kaingiza siasa kwenye matango ya watu.

Nimeona niweke uzi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, kwenye shamba langu, na sitatia chumvi. Chumvi tutaitia kwenye tango.

Mjue mnaongea na nani. Shule niliishia darasa la pili. Nyumba zangu za Sakina, ambazo baadhi yenu humu mmepanga, sikuzijenga kwa cheti. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Wakati huo Mwingereza bado ndiye mwenye nchi. Mimi kijana mbichi, nyumbani kwetu ni kwenye miteremko ya Meru, juu ya Usa River. Nikapata kibarua kwa mama mmoja wa Kiingereza mwenye shamba huko chini. Tulimwita memsabu.

Memsabu alikuwa na ugonjwa wa matango. Kajenga kibanda cha vioo, vingine vya madirisha ya zamani, na ndani kapanda matango ya kwao Ulaya, marefu kama mkono wa mtu. Aliyakata vipande vyembamba kama karatasi, anaweka kwenye mkate na siagi, anawapa wageni wake saa kumi. Watu wazima, wamekuja na magari, wanakula mkate na tango na kuondoka wameshukuru. Nikasema sawa, kila mtu na kwao.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kila asubuhi naingia kwenye vioo, nachuma maua dume yote, natupa nje, nafunga mlango nyuki asiingie.

Wasiojua: tango lina maua ya aina mbili kwenye mti mmoja. Ua jike lina kitango kidogo nyuma yake. Ua dume lina kikonyo kitupu. Sasa yale matango ya memsabu yalikuwa yanazaa bila dume. Nyuki akiyaletea vumbi la dume, tango linafura kitako na kuwa chungu kama kwinini. Kwa hiyo nyuki mle ndani alikuwa mwizi, na mimi ndiye polisi.

Nikawa fundi wa kazi hiyo. Hakuna ua dume lililonipita.

Ikaja siku memsabu akaletewa kwa meli kikopo cha mbegu mpya. Chotara, wazazi wawili tofauti wamechanganywa, zinapandwa nje juani, zinazaa sana na hazisumbuliwi ovyo na magonjwa. Yeye hakuzipenda. Alisema tango lake ni fupi na nene, halikai vizuri kwenye mkate. Nikamwomba kikopo, akanipa chote.

Sasa tuje kwenye shamba, maana hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Baba alikuwa amenipa kipande kimoja cha kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, pembeni ya mfereji wa maji. Kaka yangu Elisante alikitaka kile kipande kwa migomba. Baba akakata shauri mbele ya ukoo: "Mpeni huyu mpaka mahindi yavunwe. Kama hakuna kinacholiwa hapo, Elisante apande migomba yake."

Mnaotoka Meru mnaelewa. Mgomba ukishapandwa haung'olewi. Elisante akichimba shimo la kwanza, mimi nimekwisha, nitakuwa kibarua wa memsabu mpaka nizeeke.

Nikaingia shambani kama mtu aliyechanjiwa dawa ya nguvu. Mashimo, samadi iliyooza vizuri, siyo ile mbichi mnayomwaga nyie ikachoma mizizi. Fito zimesimama mistari, kila mti nimeufunga kwa maganda ya mgomba upande juu, tango lisilale chini likaoza. Maji ya mfereji asubuhi, kwenye shina tu, majani sigusi.

Wakuu, ile mbegu ilikuwa na nguvu! Watu walikuwa wanasimama njiani kuangalia.

Maua yakaja. Na mimi fundi nikaanza kazi yangu ya ufundi. Kila asubuhi, kabla sijashuka kwa memsabu, nachuma maua dume yote. Mlango wa kufunga sina, kwa hiyo nikafukiza moshi wa mavi ya ng'ombe pande zote, unafuka kutwa nzima, nyuki asisogee.

Nyuki wenyewe walikuwa wa Mzee Akyoo, jirani yetu, mizinga yake ilikuwa kwenye miti juu ya shamba langu. Mzee akaja anakohoa.

"Kijana, nyuki wangu wamekukosea nini?"

Nikamjibu nimeshika kiuno: "Mzee wangu, hiki ni kilimo cha kisasa. Huwezi kuelewa."

Akaniangalia, akaangalia moshi, akaenda zake. Siku chache baadaye mizinga yake ikawa mitupu. Nyuki wamehama.

Ngoja ninywe uji kwanza.

Nimerudi. Basi vitoto vya matango vikaanza kutokea, vingi ajabu. Nikafurahi. Vikafika ukubwa wa kidole kidogo, vikageuka njano, vikadondoka. Nikaongeza maji, vikadondoka. Nikaongeza samadi, vikadondoka zaidi. Kijana uliyeuliza juzi, ndiyo maana nasema ugonjwa wako naujua.

Elisante hakuwa na haraka. Akaleta machipukizi ya migomba, akayalaza mpakani kwangu kwenye udongo wa unyevu, tayari kwa kupandwa. Kila akipita:

"Mdogo wangu, naona maua tu. Kuna harusi hapa?"

"Yatazaa."

"Sawa. Mimi nakuwekea migomba yangu hapa, isikupe tabu kuitafuta."

Huku mahindi ya watu yanaanza kukauka. Usingizi ukanipotea kabisa.

Jumapili moja nimetoka kanisani, nikaenda kukaa shambani nikiwa na nguo zangu nzuri, sijui hata nilifuata nini. Nikaona kitu kwenye kona ya uzio wa miiba. Mti mmoja wa tango ulikuwa umenitoroka. Umepanda juu ya miiba, umetokea upande wa pili, mbali na moshi, mahali ambapo mkono wangu haukuwahi kufika.

Matango matatu yananing'inia. Manene, yanang'aa.

Nikachanika shati la kanisani, lakini nilifika. Nikakata moja nikang'ata, nikisubiri uchungu wa kwinini.

Tamu. Maji matupu, baridi, tamu.

Pembeni ya matango yale kulikuwa na maua dume yamechanua, na nyuki mmoja, mmoja tu, anatoka kwenye hili anaingia kwenye lile.

Hakuna aliyeniambia, wakuu. Nilikaa pale chini na tango langu nikajijibu mwenyewe. Sheria ya kwenye vioo ni ya matango ya kwenye vioo. Haya ya nje ni kabila lingine, yanataka dume, yanataka nyuki. Nimekuwa nayahasi matango yangu mwenyewe kila asubuhi, tena kwa bidii!

Moshi niliuzima siku hiyohiyo. Maua nikaacha kuyagusa. Lakini nyuki wako wapi? Nimeshawafukuza.

Nikabeba kibuyu cha pombe ya ndizi mpaka kwa Mzee Akyoo. Akanywa taratibu, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwita mkewe atoke ndani aje asikie.

"Rudia, kijana. Unataka nyuki?"

"Ndiyo, mzee."

"Hawa wangu wasioelewa kilimo cha kisasa?"

Mkewe akacheka mpaka akashika mlango. Nilistahili.

Mzee alikuwa na mizinga mingine huko juu kabisa karibu na msitu. Akakubali kunipa mmoja uliojaa, ila nikaubebe mwenyewe. Ule mzinga ni gogo, haubebwi na mtu mmoja. Nilizunguka kwa vijana wote wa jirani, wote ghafla wakawa na homa. Aliyekubali ni Elisante. Alisema hawezi kukosa kuniona naumwa na nyuki.

Tukaziba tundu kwa majani jioni, tukaning'iniza gogo kwenye mti wa kubebea, begani kwake na begani kwangu. Njiani jani moja likadondoka. Nyuki akatoka, akanipita mimi mwenye makosa, akamuuma Elisante mdomo wa juu. Hakutupa mzinga. Hilo nitamheshimu nalo mpaka kaburini. Alitembea mpaka shambani kwangu anatukana kwa mdomo ulioongezeka kila hatua.

Nyuki walipozoea, shamba likageuka. Matango yakafunga kila kikonyo.

Baba alikuja mahindi yakiwa yanavunwa. Akakata tango, akalila amesimama, akatema kipande cha ganda.

"Haya si maji tu?"

"Ni maji, baba. Mpishi wa hoteli ya wazungu mjini anasema nimletee tenga zima kila wiki."

Akala la pili. Kisha akamwambia Elisante akatafute pengine pa migomba. Elisante akajibu kitu, lakini mdomo ulikuwa bado haujapona vizuri, hatukuelewa.

Machipukizi yake aliyoyalaza mpakani yalikuwa yameshashika mizizi yenyewe. Nikamwambia ayaache. Ndiyo mpaka wetu mpaka leo, na ndizi tunagawana.

Na msikamue mbegu kwenye hybrid mkapande tena. Msimu wa pili nilifanya hivyo, nikapata marefu, mafupi, na moja la duara kama chungwa. Chotara mtoto hafanani na mzazi, tafuta mbegu mpya.

Nilichojifunza: usichukue utunzaji wa aina moja ukaupeleka kwenye aina nyingine. Kwanza ulizia mbegu yako inataka nini.

Kijana uliyeuliza, kesho asubuhi acha bomba la dawa nyumbani. Nenda shambani maua yakiwa yamefunguka, kaa chini, nyamaza, sikiliza. Kama husikii mvumo wowote, ugonjwa wako umeupata. Halafu njoo hapa utuambie umesikia nini.

Wengine karibuni na maswali. Na mwenye kutaka kunibishia anaruhusiwa, ila aanze na shikamoo.