Fyuzi ya Adapta na Sauti ya Mama

Enzi zetu pale Kariakoo, betri ya redio haikufa mara moja. Ikichoka ilianikwa juu ya bati pamoja na dagaa, jioni ikarudi kazini. Ninyi vijana mnaohangaika chaji ikipungua kidogo hamtaelewa.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Alikuwa na redio kaseti iliyotumia adapta, kile kidude kizito cha kuchomeka ukutani kilichovuma chini chini na kupata joto. Sisi watu wa kusini tulitumiana salamu kwa kanda badala ya barua. Mama alirekodi yake ya kupeleka kwao Lindi, akafariki kabla hajapatikana msafiri wa kuichukua. Mdogo wangu Zuhura alikuwa bado ananyonya. Baba aliifungia kabatini kanda ile kwa miaka, hakuwa na moyo wa kuisikiliza.

Zuhura alipokaribia kuanza shule akashika wimbo mmoja: mama alikuwa anaongeaje? Mchana mmoja Baba akashindwa, akaitoa. Alipochomeka adapta, ikalia tak! Kimya. Basi akapachika betri za kuanikwa, chovu, kanda ikawa inazunguka polepole.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, inajikokota, kama ya mtu aliyefunikwa udongo. "Shiii-kaaa-mooo, maaa-maaa..." Nywele zilinisimama. Baba aliizima haraka. Zuhura peke yake ndiye aliyekuwa akitabasamu.

Kesho yake Baba alifungua adapta kwa bisibisi, akanionyesha kichupa cha fyuzi kilivyoingia weusi, uzi wake wa ndani umekatika. Mama Neema, mpangaji mwenzetu, alikuwa anakaanga viazi uani, akamwita Baba kwa jina langu.

"Baba Mwanahawa, si uzungushie tu ile karatasi ya kung'aa ya pakti ya sigara? Itawaka."

Hiyo ndiyo iliyokuwa tiba ya mtaa mzima.

"Na nyumba nayo itawaka," Baba akamjibu, akaenda Msimbazi kununua fyuzi yenyewe.

Aliporudi akaipachika, adapta ikavuma. Mama akaongea. Sauti yake nyembamba, ya haraka haraka, anacheka katikati ya salamu. Baba alilia waziwazi, nami nikalia kwa furaha. Zuhura alitutazama tu.

"Huyu nani?"

"Mama yako, mwanangu."

Akatikisa kichwa. "Siyo. Mama ni yule wa jana. Yule ndiye anakujaga kunifunika shuka."

Baba akachomoa adapta ukutani. Kanda ile hatukuiweka tena redioni.

Siku hizi adapta ikiungua inatupwa, inanunuliwa nyingine dakika hiyo hiyo. Wanetu wana sauti za marehemu wao kwenye simu, safi kabisa, wanazisikiliza huku wanakula chipsi. Nawaonea wivu, sisi tulikuwa na kanda moja tu. Juzi Zuhura, ambaye sasa ni mama wa watu wazima, kaniambia bado anamsikia mama, hasa mchana nyumba ikiwa tupu. Nilitaka kumuuliza anamsikia kwa sauti ipi. Sikuthubutu.